Subira ya Mwenye Hisa

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nilimtangulia kazini kwa miaka michache, alinijia nyumbani Tunduma na swali nisiloweza kulijibu kwa neno moja. Mwanawe aliye Uingereza amenunua hisa za kampuni ya Helium One, ile inayotafuta gesi ya heliamu huku kwetu katika bonde la Rukwa. Sasa anamshawishi baba yake atie humo sehemu ya kiinua mgongo. “Kaka, kijana anasema ni jambo la subira tu. Wewe waonaje?”

Hilo “tu” ndilo lililonikera. Huku Mbozi kila mtu anajua subira ya kahawa. Ukipanda mche leo, utangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma cha maana. Lakini mkulima hangoji akiwa amelala. Hupalilia, hugeuza majani kutazama kutu, hung'oa mche uliokufa. Mtu anayengoja bila kujua aangalie nini, mimi simwiti msubirifu.

Heliamu yenyewe iliwasubirisha wenye akili kutuzidi. Mwaka 1868 wataalamu waliokuwa wakitazama mwanga wa jua kwa chombo kinachoupasua kuwa rangi zake waliona mstari wa manjano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana. Kitu hicho kipya kikapewa jina la jua kwa Kigiriki. Ilipita miaka 27, hadi 1895, ndipo William Ramsay alipoipata hapa duniani, ndani ya madini yenye urani. Leo ndiyo inayopoza mashine kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini. Viwandani nako hupoza nyuzi za kioo zinapovutwa, nyuzi za namna ile ile iliyomo katika mkongo wetu wa mawasiliano. Kwa hiyo soko lipo. Hilo kijana hakukosea.

Tabu iko kwingine. Mwaka 2016, mwaka ule ule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni hiyo walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Watu wakashangilia kana kwamba mitungi imeshajazwa. Makadirio ni hesabu ya kwenye karatasi, wala si gesi. Kampuni iliingia katika soko la hisa la London Desemba 2020. Mwaka 2021 ilichoronga kisima ilichokiita Tai. Dalili za heliamu zikaonekana, lakini gesi haikutiririka, na bei ya hisa ikaporomoka. Mwaka 2023 ikanunua mtambo wake yenyewe wa kuchorongea. Mapema 2024, huko Itumbula wilayani Momba, heliamu ikafika juu ya ardhi. Majaribio ya baadaye mwaka huo yakaonyesha gesi yenye heliamu ya takriban asilimia 5.5, ikitoka pamoja na maji mengi ya moto. Leseni ya uchimbaji ikafuata mwaka 2025.

Msomaji aone kwamba katika miaka hiyo yote swali lilikuwa likibadilika. Kwanza, je, ipo? Halafu, je, inatoka? Kisha, je, itaendelea kutoka kwa wingi wa kulipa gharama ya mtambo wa kuitenganisha na kuisafirisha? Hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, na furaha ya kisima kimoja hailijibu.

Nilimweleza pia jambo ambalo wauzaji wa matumaini hulipitia haraka. Kampuni isiyouza chochote bado hula fedha kila mwezi, na ili iishi huuza hisa mpya. Hii imefanya hivyo mara kadhaa. Idadi ya hisa zako haipungui, ila sinia ni lile lile na walaji wameongezeka. Basi unaweza kungoja miaka kumi, gesi ikapatikana kweli, nawe ukaambulia tonge dogo kuliko ulilohesabu siku ya kwanza. Nikamshauri kiinua mgongo kikae palipo na ada ya wajukuu, na kama moyo unamvuta sana, atie kiasi ambacho kikipotea hakitamnyima usingizi.

Hata hivyo mwenye hisa wa London ana mlango. Akichoka asubuhi, anauza kabla ya chakula cha mchana. Watu wa Momba nao wamekuwa wakingoja tangu 2016, na wao hawana pa kuuza nafasi yao katika foleni. Sheria yetu ya madini, baada ya mabadiliko ya 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji, kwa hiyo hata asiyejua hisa ni nini kule Itumbula ni mwenzake yule kijana wa Uingereza. Kampuni iliyo kwenye soko la London hulazimika kutangaza kila hatua kubwa, iwe njema au mbaya, nayo hutangaza kwa Kiingereza. Ningependa kila tangazo kama hilo lipigwe chapa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, wiki ile ile, na tarakimu zake zote.