Mgawo wa Joto Katika Gesi

Sisi tukaao katika nyanda hizi za Dodoma hatuna haja ya kufundishwa maana ya mgawo. Mwaka ambao mvua imekosa, nafaka hupimwa kwa kibaba, na kila nyumba hupata sehemu yake. Kwa mfano huo naliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano kwamba joto likiingia katika gesi hugawanywa sawasawa, kila namna ya mwendo ikipata sehemu moja.

Nalianza na heliamu, ambayo habari zake zilienea mwaka 2016, wataalamu walipotangaza kuwa imeonekana kwa wingi katika bonde la Rukwa. Chembe yake ni atomu moja tu. Huenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini: sehemu tatu. Naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo, ni atomu mbili zilizoshikamana. Hiyo huenda njia tatu zile zile, tena huzunguka kwa namna mbili, tena atomu zake hutikisika zikikaribiana na kuachana, na mtikisiko huo hudai sehemu mbili. Jumla saba.

Kijana mmoja akasimama. "Samahani, Mwalimu. Jedwali la kitabu lasema kupasha moli moja digrii moja, gesi ikifungwa isitanuke, heliamu hutaka jouli 12.5 na naitrojeni 20.8. Hiyo ni tatu kwa tano. Sehemu mbili zimeliwa na nani?"

Sikujua. Nalimwambia akae, aandike niliyosema. Neno hilo lilinichoma hata usiku sikulala, maana hesabu yake ilikuwa sahihi.

Katika kusoma naliona kwamba swali lake lilikuwa la zamani. Maxwell, mmoja wa waanzilishi wa elimu hii, alikiri mwaka 1860 kwamba vipimo vya gesi vinaipinga hesabu yake. Mwaka 1900 Kelvin aliliita jambo hilo wingu juu ya elimu ya joto. Mwaka huo huo Planck alifungua njia ya jibu.

Kesho yake nalisema mbele ya darasa zima kwamba kijana alikuwa na haki, nami nalikosa kumnyamazisha. Kisha nikawaeleza hivi: mtikisiko ni kama mwenye duka asiyeuza ila kwa gunia zima. Mnunuzi mwenye fedha ya kibaba huondoka mikono mitupu, si kwa kuonewa, bali fedha haitoshi. Katika joto letu la kila siku, chembe zikigongana hazina nguvu ya kutosha kununua gunia hilo. Basi mtikisiko hulala, na naitrojeni hubaki na tano.

"Na moto ukizidi sana, Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba kwenye maelfu ya digrii mtikisiko huamka, na hesabu hukaribia saba. Akaiandika 7 katika daftari, akatia alama ya kuuliza kando yake, kwa kuwa hapa shuleni hatuna chombo cha kupimia joto la namna hiyo.