Nguo za Mtoto Anayekuja: Barua kwa Mwanangu wa Umoja

Mwanangu mpendwa,

Habari za ujauzito wako zilipokelewa hapa Jericho kwa vigelegele, na nyanya yako ameshaanza kutafuta nyuzi za sweta. Shangazi yako hakuandikii kuhusu jina la mtoto wala hospitali ya kujifungulia. Hayo yana wenyewe. Neno lake linahusu nguo. Nyingi kati ya zile atakazovaa mtoto huyu ziko tayari hapa Eastlands, Nairobi, zimekunjwa kwenye mifuko chini ya vitanda vya binamu na majirani zako. Zitafute hizo kabla ya kufungua pochi.

Mtoto mchanga hukua mbio. Akifikisha miezi mitano au sita, uzito wake huwa umekaribia maradufu ya ule aliozaliwa nao. Akitimiza mwaka, karibu mara tatu. Rompa ya miezi mitatu basi huvaliwa wiki chache ikawekwa kando ikiwa nzima, rangi yake haijapauka. Na marafiki wakikuandalia sherehe ya kumkaribisha mtoto, waambie mapema wakuletee nguo za mwaka mmoja kwenda mbele, au wachangie nepi za kitambaa. Usipowaambia, wote watakuja na saizi ya mtoto wa siku tatu.

Nguo za kurithi zina hatari moja ambayo shangazi anakuomba uichukulie kwa uzito. Ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, naftalini. Wapo watoto, hasa wavulana, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida zaidi kwa jamaa za watu waliotoka sehemu zenye malaria nyingi, kama vile ziwani na Pwani. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo zilizolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka, akapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Uliza kila anayekupa mfuko: ulikuwa na vidonge? Jibu likiwa ndiyo, mshukuru, lakini mtoto mchanga asivishwe nguo hizo wala asifunikwe nazo.

Utakachokosa kwa jamaa, soko la mitumba la Gikomba lipo. Nenda asubuhi, robota linapofunguliwa. Kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, hutolewa kwanza, na kinachobaki mwisho ni fagia, inayouzwa kwa bei ya chini kabisa, na hapo ndipo mama mwenye haraka huumia. Shika nguo. Tafuta lebo ndani ya mshono wa ubavuni, uone kama ni pamba. Ikiwa imekatwa, dondosha tone la maji juu ya kitambaa: pamba hulinywa, poliesta mara nyingi huliacha likitelezateleza. Vuta kila kifungo, maana kilicholegea huishia kooni mwa mtoto. Kofia yenye kamba ya shingoni iache hapo hapo.

Kisa cha kuhangaikia lebo kiko karibu na nyumbani kwako. Mwaka 2021 Kenya iliingiza zaidi ya vipande milioni 900 vya mitumba. Uchunguzi wa Changing Markets Foundation na Clean Up Kenya, uliotolewa Februari 2023, ulikadiria kwamba zaidi ya vipande milioni 300 vinavyoingia kila mwaka ni nguo za nyuzi za plastiki zilizoharibika au zisizouzika. Vilivyokosa mnunuzi havirudi vilikotoka. Vingine vimelala kwenye kingo za Mto Nairobi, nyuma ya vibanda vya Gikomba. Vingine hupelekwa Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na ambamo malori bado yanamwaga taka hadi leo. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ikichomwa, moshi wake huvutwa na watoto wa Dandora na Korogocho, wenzake mtoto wako.

Wako wanaotaka mitumba yote ipigwe marufuku. Shangazi hakubaliani nao. Mwaka 2020, marobota yalipozuiwa kuingia kuanzia Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona, wauzaji wengi waliokuwa wakilisha nyumba zao kwa biashara hiyo walikosa bidhaa. Kinachotakiwa ni mnunuzi anayekataa takataka, ili aliyezipakia huko ng'ambo aone hazina soko.

Sasa nepi. Za kutupa zinauzwa hata moja moja dukani, na usiku zina faida yake; hakuna atakayekulaumu. Lakini mchana mtoto anaweza kukaa na kitambaa. Leso kuukuu ndiyo bora, kwa sababu pamba yake imeshalainika: ikate vipande vinne, umpe fundi wa cherehani akunje pindo. Serikali ya Uingereza ilichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha nepi za aina zote mbili, na ikaonekana kwamba za kitambaa huishinda nepi ya kutupa pale zinapofuliwa nyingi kwa pamoja, zikaanikwa nje badala ya kukaushwa kwa mashine, kisha zikavaliwa na mtoto wa pili. Kamba iliyo juu ya ploti yenu inatosha kukupa sehemu ya ushindi huo.

Maji ndiyo shida, na shangazi halifichi hilo. Siku mifereji ikikauka Umoja, mtungi wa lita 20 unakuja kwa mkokoteni na kwa pesa. Kwa hiyo panga: choo kitupwe msalani, nepi zilowekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, zifuliwe pamoja mara moja kwa siku mbili, na maji ya mwisho ya kusuuza yasafishie sakafu. Siku ya ukame tumia za kutupa, lakini choo kitoke kwanza. Zikienda zilivyo, vijana wanaochambua taka Dandora wanazishika kwa mikono mitupu.

Juni hadi Agosti baridi ya Nairobi itadai sweta. Nyanya yako atafuma, na ya kwake ina sifa ambayo ya dukani haina: ikimbana mtoto, hufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa upya kwa saizi kubwa.

Jumamosi pita kwa binamu yako wa Kayole, mfuko wake uko tayari na hauna vidonge. Na wewe usikae na nguo zikishambana mtoto. Zifue, zianike, uzipeleke kwa mama anayefuata. Zilizochakaa kabisa ziweke kando kwa ajili ya Africa Collect Textiles, wanaokusanya nguo kuukuu hapa jijini na kuzigeuza vitu vingine.

Wako,
Shangazi