Kilomita Elfu Moja Hadi Salala

Tuliondoka Maskati baada ya sala ya alfajiri, mimi na ami yangu, na chupa ya kahawa katikati yetu. Tulikuwa tunakwenda Salala kuifuata khareef, mvua za manyunyu zinazonyesha kule kuanzia Juni hadi Septemba. Ni kama kilomita 1,000. Ami kazaliwa Unguja, kazi ya ufundi wa magari kaifanyia Oman, na Kiswahili chake hadi leo ni cha Ng'ambo.

Hadi Nizwa tulikuwa na milima na habari za jamaa. Tulipoipita Adam, ardhi ikawa bapa: changarawe kushoto, changarawe kulia, na lami iliyonyooka mpaka jicho linachoka. Hapo ami akabonyeza kitufe kwenye kijiti kilicho upande wa kulia wa usukani, akakishusha kijiti mara moja, kisha akauvuta mguu wake nyuma.

"Ami, nani anakanyaga mafuta?"

"Inama utazame, mwanangu."

Nikainama. Pedali ilikuwa inazama taratibu bila mguu juu yake, kiasi cha unene wa kidole, halafu ikanyanyuka, ikatulia. Upepo ulipotupiga kwa mbele ikazama tena. Mshale ulibaki kwenye 110.

Gari la ami ni la zamani. Kuna mota ndogo inayovuta waya wa mafuta kama ambavyo mguu ungeuvuta, ndiyo maana pedali huonekana ikitembea. Magari mapya hayana waya huo. Amri yote hupita kwa umeme.

"Kruzi, kifaa hiki kinachoshika mwendo, haiijui barabara," ami akaniambia. "Inajua namba mbili tu: mwendo ulioutaka na mwendo ulio nao."

Namba ya pili huletwa na kihisio kinachohesabu mizunguko ya magurudumu. Kompyuta hutazama pengo kati ya namba hizo mara nyingi kwa sekunde. Pengo likipanuka hufungulia injini zaidi, likipungua hubana. Nikadhani habari imekwisha. Ami akasema hapana, ngoja tufike kwenye mwinuko.

Ulipokuja, mshale ulishuka hadi 107, kisha ukarudi polepole hadi 110 nasi bado tunapanda. Kifaa kinachopima pengo la sasa peke yake, akasema, kingekwama pale kwenye 107. Kupanda kunataka nguvu ya ziada, na nguvu hiyo ingetokana na pengo. Pengo likizibika, nguvu nayo hukatika. Dawa yake ni kama daftari la madeni dukani. Kila nukta gari linapokuwa chini ya 110, kompyuta inaandika. Deni likikua, injini inaongezewa hata kama pengo lenyewe ni dogo, mpaka mwendo utimie. Nimesoma mengi juu ya mashine, lakini sijawahi kuona hesabu iliyonipendeza kama ile ya mshale kupanda kutoka 107.

Aliyebuni kifaa hiki ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani. Alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler ikakiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958. Teetor alikuwa kipofu tangu umri wa miaka 5. Husimuliwa kwamba wakili wake alikuwa akiendesha huku akizungumza, na kila akizungumza mguu wake ulilegea, akinyamaza gari likachapuka. Wenye macho walikuwa wamezoea. Yeye, aliyeusikia mwendo kwa mwili mzima, ilimkera mpaka akaenda kuitafutia dawa.

Baada ya Haima, ngamia watatu wakasimama pembeni mwa lami. Mshale haukutikisika. Ami aliwaona mbali, akagusa breki, na swichi ile ile inayowasha taa nyekundu za nyuma ikaikata kruzi papo hapo. Ngamia walipovuka alikinyanyua kijiti juu, na gari likajitafutia 110 yake, maana namba ilikuwa bado imehifadhiwa. Siku hizi kuna kruzi zenye rada, zinazopunguza mwendo zikiona gari mbele. Ami anazikubali, ila hajaacha kutafuta ngamia kwa macho yake.

Thumrait akaizima kabisa. Mbele kulikuwa na mteremko wa milima ya Qara, na ukungu mweupe ulikuwa umeukalia. Kruzi kama yake haina breki: kwenye mteremko inaweza kuachia mafuta tu, na uzito wa gari utalivuta litakavyo. Na lami ikilowa, gurudumu likateleza, namba inayosomwa si mwendo wa gari tena, na injini inaweza kuendelea kusukuma pale inapotakiwa kulegea. Tukateremka kwa gia ndogo, manyunyu kwenye kioo, mguu wa ami umerudi kazini, wala hatukuzungumza mpaka tulipoziona taa za Salala.

Wewe utakayepita njia hiyo wakati wa khareef, izime Thumrait, kabla ukungu haujakufikia.