Punda Wangu Alichekwa

Nawaeleza jambo lililonipata, maana huenda likamfaa mzazi mwenye mtoto apendaye kuchora.

Miaka michache iliyopita, Kwaresima ilipokaribia kwisha, Padre aliniita akaniambia, "Karani, wewe umepita chuo cha ualimu. Tuchoree Bwana Yesu akiingia Yerusalemu, tuitundike picha kanisani Jumapili ya Matawi." Nikaitika, "Ndiyo, Baba," bila kusita. Chuoni nilisifiwa sana kwa kuchora ramani na zana za kufundishia. Lakini zile ramani nilizinakili tu. Nilipiga miraba midogo juu ya picha ya kitabuni, nikapiga miraba mikubwa karatasini, nikahamisha mstari mmoja mmoja. Mkono ulifanya kazi, kichwa kililala.

Usiku nilitandaza shuka jeupe mezani, nikashika mkaa. Punda nimemwona tangu utotoni. Nina haja gani ya kwenda kumtazama? Nikachora. Jumapili ilipofika, mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza alimnong'oneza mwenzake, "Mbona Yesu amempanda mbwa?" Kicheko kikapita benchi hadi benchi, hata katekista akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Mimi nilitazama sakafu mpaka mwisho wa Misa.

Padre hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Mkia wa punda una manyoya marefu kuanzia wapi?" Sikuweza kujibu.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee jirani yetu anayechota maji kwa punda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua maji?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kumtazama punda."

Alinitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Haya, mtazame. Halipiwi."

Nikaketi juu ya debe. Nikaona kwamba mkia wa punda ni kama wa ng'ombe: manyoya marefu yako nchani tu, si kama farasi ambaye nywele huanzia shinani. Nikaona kiungo cha mguu wa nyuma kinachopinda kuelekea nyuma, ambacho siku zote nilikidhani kuwa goti. Kumbe kile ni kisigino! Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, kwa kuwa punda hutembea juu ya ncha ya kidole. Na mgongoni nikaona mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani, na mwingine ukikatiza mabegani, vikafanya msalaba. Punda wengi wanayo alama hiyo, na Wakristo wa zamani walisimuliana kwamba walipewa kwa sababu ya kumbeba Bwana. Mzee yule aliweka mzigo juu ya msalaba ule kila siku, nami nilipishana naye kila siku nisiuone.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu wa nusu saa kila jioni, kwa kutumia migongo ya makaratasi ya matangazo yaliyokwisha kusomwa. Kwanza, nilimchora punda huku nikimtazama, nikianza na maumbo mepesi: mwili kama mtungi uliolazwa, kichwa kama kabari, miguu kama vijiti vyenye vifundo. Pili, nilimpa kisogo, nikamchora tena kwa kukumbuka tu. Tatu, niligeuka nikalinganisha, na kila palipokosewa nikapatia alama kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Penye wekundu ndipo nilipokuwa sijui. Nne, nilimchora katika namna nisiyomwona wakati ule, labda amelala, au anakuja mbele yangu, kisha nikangoja mpaka alale kweli nione kama nilikisia sawa. Hii ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo inayofundisha kuliko zote. Miezi mitatu ilipita kabla wekundu haujaanza kupungua.

Msidhani kwamba mimi peke yangu niliaibishwa na mnyama. Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Ujerumani, mwaka 1502 alichora sungura ambaye hata leo watu wanastaajabia kila unywele wake. Lakini mwaka 1515 kifaru aliletwa Lisbon kutoka India. Dürer hakumwona, alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine tu, naye akachora picha yake, ikachongwa katika ubao na kuchapwa. Akamvika kifaru mabamba kama deraya za askari, akamwotesha na kipembe cha pili mabegani! Watu wa Ulaya waliiamini picha hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kifaru mwenyewe alitumwa na mfalme wa Ureno kuwa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi, lakini meli ilizama karibu na Italia mwanzoni mwa 1516, naye akafa. Basi mkono ni ule ule na akili ni ile ile, ila mara moja jicho lilishiba, na mara nyingine lilikuwa na njaa. Fikra ni kama ghala: huwezi kutoa usichokiweka.

Pengine mtu atasema, "Kutazama na kuiga kutamfanya mtu asiwe na chake." Hilo si neno dogo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alijulikana kwa kuwaonya wachoraji wasinakili kazi za wengine. Yeye mwenyewe mwaka 1959 alichora maisha ya Kristo katika kanisa la Kianglikana kule Murang'a, Kenya, na watu na vilima katika picha zile ni vya nchi ile ile. Nimelifikiri sana onyo lake, nami naona halipingani na nilichojifunza. Kunakili ni kuchukua mstari wa mwenzio usiujue maana yake. Kusoma kitu ni kuuliza kwa nini mstari umepita pale. Anayenakili, ukimnyang'anya kitabu hana kitu. Aliyesoma, ukimnyang'anya kitabu, anacho kichwani.

Mwaka uliofuata nilichora picha ya Matawi upya. Yule yule mtoto akanong'ona, "Ah, punda wa Babu wa maji!" Nilimshukuru Mungu.

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya punda. Mama yangu alifariki nikiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, wala hakuacha picha hata moja. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya parokia. Katika kitabu cha marehemu jina lake limo na tarehe imo, sura haimo. Mara nyingi nilijaribu kumchora. Nilipofumba macho nilimwona. Nilipofumbua, karatasini alitoka mwanamke yeyote. Nikadhani nimeanza kumsahau, nikaona ni dhambi.

Baada ya shule ile ya punda nilielewa kwamba upendo haukupungua, ila jicho halikufundishwa. Nilianza kuwachora watu waliongoja ofisini. Nikajifunza kwamba macho yako katikati ya kichwa, sawasawa kati ya utosi na kidevu, ambapo sisi wanafunzi huyaweka juu sana. Na kwamba baina ya macho mawili hutosha jicho la tatu. Kisha nikaenda kwa mama mdogo, waliyenyonya ziwa moja na mama. "Unichore mimi, mwanangu, na uzee huu?" alicheka. Nilimchora akichagua maharage, siku baada ya siku, mpaka nikalijua shavu lao na kidevu chao.

Ndipo nikamchora mama. Mfupa wa shavu niliupata kwa mama mdogo. Namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza, hiyo nilikuwa nayo mwenyewe. Nikampelekea baba. Alinyamaza kitambo kirefu, karatasi ikitetemeka mkononi, kisha akasema, "Kovu la juu ya nyusi lilikuwa upande wa pili." Siku hiyo sikushika kalamu nyekundu. Nilishika mkaa nikalihamisha kovu, na baba akaomba picha ibaki kwake.

Nawasihi, wazazi: mtoto akichora ukutani kwa mkaa, msimpige kwanza. Mpeni karatasi, mkamwulize kama Padre alivyoniuliza: mkia unaanzia wapi? Hata Bwana wetu aliwaambia wafuasi wake wawatazame ndege na maua ya kondeni, kabla ya kuwaeleza mambo wasiyoweza kuyaona.