Hati ya Shamba Iliyonipeleka Lisbon

Mara ya kwanza ubalozi uliniandikia kwamba hauamini nitarudi nyumbani. Si kwa maneno hayo hasa, lakini maana ilikuwa hiyo: kisanduku kimetiwa alama, sahihi chini, basi. Barua niliisomea kwenye simba yangu Rodi Kopany (wasio Waluo msishtuke, simba ni nyumba ya kijana wa kiume bomani) nikacheka peke yangu. Mimi ambaye Nairobi yenyewe wiki mbili zinanishinda ndiye nitorokee Ulaya?

Kazi yangu ni ya mtandaoni. Najibu malalamiko ya wateja wa kampuni ambayo mlango wake sijawahi kuuona: mizigo iliyochelewa, kadi zilizokataa, nywila zilizosahaulika. Rodi ni njia panda. Ukitoka Rongo, barabara ya kushoto inakupeleka Ndhiwa hadi Karungu. Ukinyoosha unafika Homa Bay. Kwa hivyo honi haziishi, na mteja mmoja aliwahi kuniuliza huyo ng'ombe ni wa nani. Stima ikipotea naruka kwenye boda hadi kwa jamaa mmoja mwenye sola, laptopu kifuani kama mtoto mchanga.

Mwaka 2024 kampuni ikaamua kutukutanisha Lisbon kwa siku kumi. Ombi la kwanza la viza nililipia euro 80, zikaenda na maji. La pili nikalipa 90, maana ada ilipanda Juni mwaka huo. Wakili alinishauri nionyeshe kitu kinachonifunga nyumbani: mke, watoto, mali. Sina mke. Nikaenda kwa mama.

Hati ya shamba letu bado ina jina la baba, aliyefariki 2017. Mama huiweka kwenye sanduku la bati, ndani ya leso kuukuu. Aliitoa bila kuuliza mengi. "Wuoda, irudishe ikiwa hivi hivi," akasema tu. Kaka yangu mkubwa ndiye alisimama mlangoni. Kijijini kwetu kila mtu anajua hadithi ya kijana aliyeazima hati akapate nakala, kisha siku moja watu wa benki wakaja kupima boma. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Omera, hilo si shamba lako peke yako," akatoka. Hatukuongea kwa wiki tano.

Viza ikatoka.

Lisbon ni mji wa milima, magoti yatakuambia. Niliona magofu ya Kanisa la Carmo, lisilo na paa tangu tetemeko la Novemba 1, 1755, Siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa misani. Nilipanda Belém nikaingia foleni ya kanisa la Jerónimos, na hapo karibu na mlango amelala Vasco da Gama, mikono ya mawe ikiomba. Darasa la tano tulimkariri: 1498, Mombasa ikamkataa, Malindi ikampokea na kumpa rubani wa kumfikisha India. Nikajiuliza yeye alionyesha hati gani. Mlinzi akanisukuma taratibu, nisonge, wengine wanangoja.

Lakini kilichonikaa zaidi kilitokea mezani. (Meza yenyewe ni neno lao, kama leso na bendera. Kila nilipolisikia mkahawani niligeuka nikidhani nimeitwa na mtu wa kwetu.) Pembeni yangu aliketi kijana wa Ulaya kaskazini tuliyekuwa tukiandikiana karibu kila siku. Zamu zetu sawa, wateja sawa, na ni mimi niliyemfundisha ule mfumo alipoajiriwa. Yeye anaishi Lisbon kwa sababu, alisema, hali ya hewa ni nzuri. Raia wa Umoja wa Ulaya hahitaji viza. Nikamuuliza sisi wengine tunaingiaje. Akaniambia kuna viza ya wafanyakazi wa mtandaoni, Ureno iliianzisha Oktoba 2022, ukionyesha kipato cha mara nne ya mshahara wao wa chini. Mwaka huo mshahara huo ulikuwa euro 820 kwa mwezi. Nikapiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi: 3,280.

"Hiyo si shida," akasema. "Sisi tunapita hapo."

Sisi. Nilikunja kile kitambaa nikakitia mfukoni. Mshahara wangu wa mwezi haukufika hata robo ya hiyo. Hakujua, na uso wake ulivyobadilika aliponiona nimenyamaza ulinifanya nimhurumie yeye, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Usiku kwenye chumba cha kukodi huko Alfama, nilisikia bibi wa chini akikohoa. Mwenye chumba alinieleza kwamba nyumba nyingi za mtaa ule zimegeuzwa za wageni, na kodi imewashinda wenyeji. Asubuhi yule bibi alikuwa akianika nguo dirishani, akanitazama na sanduku langu. Nilimsalimia *bom dia*. Hakujibu. Nikamkumbuka kaka mlangoni.

Nilirudi Rodi siku ya Jumanne jioni, na lesso mbili za Ureno zenye jogoo kwa ajili ya mama. Kaka alikuwa kwenye stegi, sijui nani alimwambia saa. Hakuuliza kuhusu Ulaya. Alinyoosha mkono, nami nikajua si wa salamu. Nikatoa bahasha. Alisimama chini ya taa ya kibanda cha chipsi akasoma hati yote, mbele na nyuma, jina la baba, nambari ya shamba, akaipangusa kwa shati.

"Umekula?" akauliza.

Siku iliyofuata nilimwandikia bosi kuhusu mshahara. Barua ilikuwa na mistari sita. Jibu bado nalingoja, na zamu yangu inaanza saa moja.