Kunyolewa mara ya kwanza katika nchi ya chai

Wahenga walinena kuwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Msomaji mpenzi, methali hiyo niliiona ikitimia kwa macho yangu katika nchi ya majani chai, huko Kericho na Bomet.

Ukiondoka Nairobi alfajiri, upite Nakuru na kukata kushoto pale Mau Summit, saa sita hivi utakuwa mjini Kericho. Shika sasa barabara ya Litein inayoelekea Kaplong na Bomet. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, lakini huku Litein na Kapkatet utakuta vishamba vya wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA. Bonasi ya chai hulipwa yapata Oktoba. Siku hizo madukani hakupitiki, na kwa kinyozi watoto hupanga foleni.

Nilikuwa mgeni wa familia moja karibu na Litein. Mjukuu wao alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na kichwa chake hakijaguswa tangu azaliwe. Nyanya yake, ambaye watoto humwita kogo, alikwisha kutenga wembe na karai la maji ya vuguvugu mlangoni.

"Mama, tumpeleke kwa kinyozi," mkaza mwana alisema kwa upole, macho chini. "Wembe unaweza kumkata, na utosi wake bado ni laini."

"Na mapunye ya kaka yake yalitoka wapi?" kogo akauliza. "Si huko huko kwenye mashine?"

Kimya. Kila mmoja alikuwa na haki yake.

Ukweli ni kwamba mapunye huletwa na kuvu, nayo husafiri kwa mashine, vitana, taulo na kofia zinazotumiwa na wengi. Yakishaingia kichwani, dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Wembe nao, ukitumiwa kwa watu wawili na damu ikatoka, unaweza kupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Na utosi wa mbele aghalabu hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, kwa hiyo usikandamizwe kwa chombo chochote. Tena, usidanganywe kuwa kunyoa huzidisha nywele: shina liko ndani ya ngozi, wembe haulifikii.

Basi wakapatana. Watakwenda kwa kinyozi, lakini mtoto atapakatwa na kogo, na kitana na taulo vitatoka nyumbani. Kinyozi, kijana mwenye adabu, alipiga mashine brashi mpaka vinywele vyote vikatoka, kisha akaifuta kwa spiriti huku kogo akimkodolea macho.

Kaka mtu, aliyekwisha kupona, aliketi kwanza ili mdogo wake aone kwamba hakuna maumivu. Alijimwagia maji kichwani akacheka. Mdogo wake akamtazama, akatazama karai, kisha akachovya kiganja chake kidogo na kujipaka utosini! Duka zima likaangua kicheko. Mashine iliponguruma alishtuka na kulia kidogo, lakini mkono wa kogo ulikuwa kifuani pake, akatulia.

Kazi ilipokwisha, kogo aliinama akaokota nywele zote, akazifunga kwenye ncha ya leso. Hazitupwi ovyo, alisema, asije mwenye jicho baya akaziokota. Jioni, mvua ikinyunyiza, alizifukia chini ya mche wa chai nyuma ya nyumba. Tukarudi ndani kunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya mkaa, na mtoto akalala na kichwa chake kikimetameta.

Wewe msomaji uliye Nairobi au Nakuru, siku ya mwanao ikifika, beba kitana chako na uulize kuhusu mashine bila aibu. Na kama nyanya yake yu hai, mwite. Mapaja yake hayauzwi katika duka lolote.