Ufa katika kioo

Mutoto wangu alipasua kioo cha sanduku la samaki, akanificha kwa woga. Nilipoona maji chini, kwa haraka nilipaka silikone inje, kioo kingali na maji. Usiku ikaachia, samaki 3 wakakufa. Lita 60 za maji ni kilo 60, nazo zinasukuma kutoka ndani.

Basi, hamisha samaki katika beseni, toa maji yote, kausha kioo. Bandika ndani kipande cha kioo kinachopita ufa pande zote, na silikone isiyo na dawa ya kuvu, maana dawa ile inaua samaki. Ngoja siku 2, harufu iishe, kisha ujaribu maji.

Mara ya pili mutoto alinishikia kipande. Akaniambia: «Baba, nilikuogopa.» Na wewe muzazi, wako wanakuogopa?